Canter, Fuso, Howo au Mkonga: injini ipi inavumilia Mtwara na Lindi?

Mpwa wangu wa Tandahimba alivuna korosho vizuri msimu uliopita. Malipo ya mnada yalipoingia alinipigia simu kabla hata hajamaliza deni la salfa ya mikorosho. "Shikamoo mjomba. Nataka gari la biashara. Nitajie injini isiyokufa."

Nilimjibu kwamba hiyo haipo. Zipo zinazochelewa kufa, na zipo zinazokufa kisha zikafufuka. Anayenunua gari kwa hela ya korosho lazima ajue anataka ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu hela yenyewe inaingia mara moja kwa mwaka, na ikiishia gereji ndiyo imekwenda. Nimebeba mizigo kati ya Masasi, Newala, Nachingwea na Mtwara kwa zaidi ya miaka 20. Niliyomweleza mpwa wangu kwa siku tatu nayaweka hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Kuchelewa kufa na kufufuka

Watu wanapenda kutajiana kilomita. Gari lililovuma duniani kwa kilomita ni Volvo P1800 ya mwaka 1966 ya Mmarekani Irv Gordon, lililopita maili milioni 3 mwaka 2013, karibu kilomita milioni 4.8. Wanaolisimulia husahau kusema kwamba injini yake iliwahi kufunguliwa na kufanyiwa ovahoo, na kwamba mwenyewe alikuwa hachelewi kumwaga oili. Lilikwenda mbali kwa sababu lilifufulika, na mwenye nalo hakulitelekeza.

Gari dogo la kisasa bloku yake, yaani mwili wa injini, mara nyingi ni aluminiamu. Likitunzwa linakwenda miaka mingi bila mtu kugusa hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Likichemka sana, hedi inapinda, na fundi mkweli atakwambia utafute injini nyingine ya mtumba badala ya kuihangaikia hiyo. Injini ya lori ni chuma kitupu, na ndani ya silinda kuna slivu, mabomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, nazo zinatolewa. Ikichoka unabadilisha slivu, pistoni, ringi na beringi, kranki ikibidi inachongwa, mzigo unaendelea. Ndiyo maana gari dogo nalipima kwa kuchelewa kufa, na lori nalipima kwa urahisi wa kulifufua.

Kinachoziua huku kwetu

Cha kwanza ni joto. Juu kwenye Uwanda wa Makonde maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu zetu. Watu walishuka mabondeni kuyafuata. Dereva akichemsha huko anatia kwenye rejeta maji yoyote atakayopewa. Huku pwani maji yapo, lakini ya visima vingi yana chumvi, nayo chumvi inakula njia za maji ndani ya rejeta na ndani ya bloku. Sasa chukua rejeta iliyoziba nusu, pakia magunia, panda mlima wa Newala ukitokea Masasi, gia ya pili, mwendo wa kutembea kwa miguu, hakuna upepo wa mbele, feni peke yake ndiyo inayopigana. Hapo ndipo injini nyingi nzuri zilipofia.

Na kuna tabia moja inaniuma kweli: gari likichemka, fundi anang'oa themostati na kuitupa, anakwambia sasa maji yatazunguka vizuri. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili: ikifunguka inaruhusu maji yaende kwenye rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka mlemle. Gari linakuwa baridi kwenye tambarare na linachemka mlimani. Kama imekufa, nunua nyingine. Ni kitu cha bei ndogo mno kulinganisha na hedi.

Cha pili ni vumbi. Barabara ya Mtwara kwenda Masasi kupitia Newala ina kilomita 210, na lami yake imejengwa kwa vipande. Ukiacha lami kwenda vijijini kuchukua mzigo ni mchanga mtupu. Vumbi likipita kwenye ea klina, kwa mpira uliopasuka au filta iliyotobolewa na upepo wa kompresa, linasaga ringi kama msasa. Filta ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na ikichoka itupwe.

Cha tatu ni dizeli ya madumu na mafuta yaliyochakachuliwa. Injini za zamani zinaumwa, lakini zinatembea. Injini za komon reli, zile zinazosukuma dizeli kwa presha kubwa na kusimamiwa na kompyuta, hazisamehi, na hili ndilo litakalorudi tena na tena huko mbele.

Gari dogo na Noah

Hapa sitakaa sana. Kwa Probox, IST, Raum, Spacio au Vitz ya 1500, injini ni 1NZ-FE, ya cc 1,497, yenye cheni ya taimingi, inayoendesha valvu, badala ya mkanda. Ni injini nzuri sana ya kuchelewa kufa, kwa sharti moja: oili safi kwa wakati. Cheni yake na mfumo wake wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, vyote vinaishi kwa oili. Ukiiacha oili igeuke lami, cheni inalegea na unaanza kusikia inachakarika asubuhi.

Ya kabla yake, 5A-FE ya kwenye Corolla 110 na Carina Ti, ni ya zamani zaidi lakini bloku yake ni chuma, na mkanda ukikatika njiani valvu hazigongi pistoni. Unaweka mkanda mwingine, unaondoka. Ningekuwa naishi Liwale, mbali na fundi mwenye vifaa, bado ningeifikiria. Tatizo ni kwamba zilizobaki zimechoka, na umri nao ni ugonjwa.

Kwa Noah, ambayo kwetu imekuwa daladala ya vijijini, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ile ya zamani, SR40, ina 3S-FE: cc 1,998, bloku ya chuma, mkanda, petroli inanyunyizwa kawaida. Iliyofuata, AZR60, nyingi zina 1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Petroli chafu inaiumiza pampu hiyo, na kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha, masizi yanajijenga hapo. Gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama, fundi anabadilisha plagi, koili, plagi tena, na ugonjwa uko palepale. Kwa abiria wa vijijini, chukua yenye 3S.

Mkonga: 1HZ mbele ya 1KZ na 1KD

Land Cruiser Mkonga haihitaji kutambulishwa. Ndani yake, ile ya dizeli tuliyoizoea, kuna 1HZ: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, cc 4,164, haina turbo, pampu ya dizeli ya kimekanika, hedi na bloku za chuma. Ilianza mwaka 1990. Nguvu yake ni kama farasi 130 tu, ambazo kwa lita 4.2 ni kidogo, na hiyo ndiyo siri yake. Injini imepewa mwili mkubwa na kazi ndogo. Hakuna sehemu inayokamuliwa. Nimeziona zilizopita kilomita 400,000, zimebeba wagonjwa na chanjo na maofisa kwenye njia za Liwale, na hedi haijawahi kufunguliwa.

Ina madhaifu mawili ambayo muuzaji hatakutajia. Inakunywa, ya kwangu haikuwahi kuzidi kilomita 8 kwa lita. Na ina mkanda wa taimingi. Watu wanadhani kitu kigumu namna ile lazima kitumie gia, kumbe ni mkanda, na ukikatika pistoni zinakutana na valvu. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000 kukumbusha. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo gari la mnada usiamini taa. Weka mkanda mpya siku ya kwanza, pamoja na tenshena.

Kosa jingine ni kuifungia turbo ili ipande mlima haraka. 1HZ haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Inapanda vizuri mwaka mmoja, miwili, kisha hedi inapasuka na watu wanasema 1HZ za siku hizi ni mbovu.

Sasa iweke pembeni ya 1KZ-TE, ile ya Prado ya zamani na Surf. Cc 2,982, silinda 4, turbo, na hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Kwa lami ni tamu kuliko 1HZ, nyepesi, inakula kidogo. Lakini ikichemka mara moja tu vizuri, hedi inapasuka. Ndiyo ugonjwa wake unaojulikana kila mahali ilikouzwa. Kwa mlima wa Newala na maji ya chumvi, hiyo ni bahati nasibu.

Iliyofuata ni 1KD-FTV, D-4D, ya Hilux, Prado na Hiace. Cc zilezile 2,982, lakini komon reli, dizeli inasukumwa kwa presha ya zaidi ya baa 1,300. Ina nguvu, haina kelele, inabana mafuta. Injekta zake hazitaki maji wala uchafu. Pia zile washa, pete bapa za shaba chini ya injekta, zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio la pampu ya oili huko chini kwenye sampu, bakuli la oili, na injini inakufa kwa kiu wakati kijiti kinaonyesha oili imejaa. Ukiwa nayo, fungua sampu uangalie chujio hilo, na badilisha washa kabla hazijavuja. Anayefanya hivyo na kujaza dizeli kwenye kituo cha uhakika atafurahi nayo. Anayenunua dizeli kwa dumu, aiache.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wanaisahau: Hilux au Hiace yenye 5L, cc 2,986, haina turbo, haina kompyuta ya kuisumbua. Ni nzito mlimani na inatoa moshi, lakini inatengenezeka chini ya mwembe.

Na kwa kuwa nimetaja Mkonga, ule mkonga wenyewe, bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo, si pambo. Unavuta hewa ya juu yenye vumbi pungufu, na kwenye maji unaokoa injini. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam na magari kukwama kwenye foleni, kila aliyekuwa anafikiria kuvuka maji alipaswa kukumbuka jambo moja: dizeli ikivuta maji, konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda papo hapo. Maji hayabanwi kama hewa.

Canter mbele ya Elf

Hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa anaelekea, na ndipo nilipokaa muda mrefu.

Canter tuliyoizoea ina 4D32 ya cc 3,567 au 4D33 ya cc 4,214. Elf ya rika lake ina 4HF1 ya cc 4,334 au 4HG1 ya cc 4,570. Zote ni dizeli za moja kwa moja, silinda 4, na zote taimingi yake ni ya gia: hakuna mkanda wa kukatika. Ukitazama karatasi ni ndugu.

Tofauti iko kwenye mwendo na kwenye mikono ya fundi. Injini ya Elf ni laini zaidi. Kemshafti yake, shafti inayofungua valvu, iko juu kwenye hedi, inapumua vizuri, na kwa safari ndefu ya lami, tuseme Masasi hadi Mtwara mjini kupitia Mnazi Mmoja, dereva hachoki. Ya Canter kemshafti iko chini na inasukuma valvu kwa vijiti. Inanguruma. Lakini tapeti, yaani nafasi za valvu, unaziseti kwa spana na bisibisi, hedi inatoka bila kugusa gia za taimingi, na fundi aliyejifunzia kwenye Canter yuko kila mji, kuanzia Mangaka hadi Kilwa Masoko. Slivu, pistoni, gasketi na nozeli za 4D33 nimezipata Masasi siku ileile niliyozihitaji. Za 4HF1 mara mbili nimesubiri basi la kutoka Dar. Msimu wa korosho, siku mbili za kusubiri spea ni mzigo uliobebwa na mtu mwingine.

Niseme wazi kwamba Canter niliwahi kuiua. Ilikuwa Novemba, tumepakia kupita uwezo, mkanda wa feni ulikuwa umelegea na mimi nilijua. Nikamwambia dereva tutaufunga tukifika. Mlimani mshale wa joto ukapanda, utingo kwa nia njema akafungua rejeta na kumwaga maji ya baridi injini ikiwa inatokota. Hedi ilipasuka kati ya valvu. Tulipaswa kusimama, kuiacha iungurume taratibu kama inaweza, na kusubiri nusu saa kabla ya kugusa kifuniko. Siku nne baadaye ilikuwa barabarani tena, na hedi nyingine. Ile ndiyo siku niliyoelewa maana ya injini inayofufuka.

Canter yenye 4D34 ina turbo, cc 3,907, na inapanda mlima vizuri zaidi. Ninaipenda, lakini si ya dereva mwenye haraka. Ukifika na mzigo, iache iungurume dakika mbili tatu kabla ya kuzima, la sivyo oili inaungulia ndani ya turbo.

Elf za baadaye zenye 4JJ1 ya lita 3 ni komon reli, na yote niliyosema kuhusu dizeli ya dumu yanazihusu. Kwa mtu wa mjini mwenye mzigo mwepesi ni nzuri. Kwa ghala la kijiji, sizitaki.

Fuso, Howo na Scania

Mpwa wangu aliniambia rafiki zake wanamsukuma achukue Howo. Nikamuuliza, ya kubeba nini?

Howo tunayoiona ikishusha makaa ya mawe ya Ruvuma bandarini Mtwara na kubeba kokoto ina injini ya WD615, lita 9.726, silinda 6. Namba 371 ubavuni ni nguvu za farasi. Watu wanaidharau kwa kuwa ni ya China, na wanakosea: asili yake ni Steyr ya Austria, muundo uliouzwa kwa Wachina miaka ya 1980. Kila silinda ina hedi yake peke yake. Gasketi ya silinda ya nne ikiungua, unafungua ya nne tu, tano zinabaki zimefungwa. Kwa kufufuka, sijaona lori rahisi kuliko hili, mradi ununue yenye pampu ya kimekanika na usiwekewe spea feki. Ninacholalamikia kwenye Howo ni vitu vilivyoizunguka injini: nyaya, springi, kebini.

Scania 124 yenye injini ya lita 11.7 nayo ina hedi moja moja, slivu zinazogusana na maji moja kwa moja, na chuma bora zaidi ya vyote nilivyotaja. Kwa semi trela ya Dar ni mfalme. Lakini spea zake halisi ni za mtu mwenye mkataba wa mzigo mwaka mzima.

Fuso Fighter ndiyo ya katikati: 6D14 ya cc 6,557, 6D16 ya cc 7,545, 6D17 ya cc 8,201. Nyingi zilizofika kwetu hazina turbo. Zinatumia gia, pampu ya mstari, vijiti, kila kitu kama Canter iliyokuzwa. Kati ya hizo nachagua 6D16. 6D14 inaelemewa mlimani na 6D17 inakunywa. Kwa mtu mwenye mzigo wa kutosha kutoka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) mbili tatu, Fuso ya 6D16 ni bora kuliko Howo, kwa sababu inaingia kwenye njia za kijiji ambako Howo itazama mchangani au itakata matawi ya mikorosho ya watu.

Siku ya kwenda kulitazama

Nenda asubuhi, kabla halijawashwa. Gusa bloku, ikiwa ya moto, muuzaji ameliwasha mapema ili ulikute limeshapata moto. Fungua rejeta ikiwa baridi: maji ya rangi ya kutu ni onyo, yenye mafuta juu yake ni kuondoka. Washa, kisha fungua kifuniko cha oili: upepo ukitoka kwa nguvu, kompresheni inavuja kupita ringi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto, harufu yake ikiwa tamu, ni maji. Ukiwa unachoma macho kwa dizeli, ni nozeli au kompresheni. Mapovu yanayoendelea kwenye rejeta injini ikiunguruma, hedi au gasketi imekwisha. Halafu lipandishe mlima, hata mdogo, likiwa na mzigo, ukitazama mshale wa joto na si uso wa muuzaji.

Mpwa wangu amechukua Canter ya 4D33, ya mtu wa Nachingwea aliyekuwa akibebea ufuta. Ringi zimeanza kuchoka, na bei ilishuka kwa sababu hiyo. Jumamosi anaileta Masasi. Tunatoa rejeta ioshwe, tunaweka themostati mpya maana ya zamani haikuwemo, tunabadilisha mikanda yote na filta zote, kisha fundi anapima kompresheni silinda moja moja, kabla haijapakia gunia hata moja.